Umri wa Ustaarabu Hupimwaje?



Ukimwuliza mzee umri wa ukoo wake, atakutajia baba, babu na babu wa babu. Hahesabu miaka ya mtu mmoja. Anahesabu kurithishana. Ustaarabu nao hupimwa hivyo hivyo. Tunauliza maswali mawili: Ulianza lini? Je, ulikatika njiani?

Swali la kwanza hujibiwa kwa vitu. Wataalamu huchimba ardhini wakapata vyungu, makaa, mifupa na maandishi. Makaa hupimwa katika maabara, umri wake ukajulikana. Tutazame Misri. Watu wa huko walianza kuandika zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Piramidi kubwa ya Giza ina miaka 4,500 hivi.

Swali la pili ni gumu. Maandishi yale ya Misri yalijulikana na watu wachache tu, na mwishoni walibaki makuhani wa mahekalu. Mahekalu yalipofungwa, wasomaji wakaisha. Maandishi ya mwisho ya hieroglifi yenye tarehe yalichongwa mwaka 394 baada ya Kristo, katika kisiwa cha Philae. Tangu hapo, kwa miaka 1,400 hivi, watu walipita mbele ya kuta zilizojaa maneno, wala hakuna aliyeweza kuyasoma.

Mwaka 1822 Mfaransa Champollion aliifumbua siri hiyo. Alisaidiwa na jiwe lenye tangazo moja, limeandikwa Kimisri na Kigiriki. Tena alijua Kikopti, lugha iliyotokana na Kimisri cha kale. Wakristo wa Misri walikuwa bado wanaitumia kanisani.

Basi, ustaarabu ule ulikufa wote? La. Wakulima waliendelea kulima kando ya mto Nile. Hata walipoanza kusema Kiarabu, walihesabu misimu kwa miezi ya zamani. Mwezi wa Hatur una jina la Hathor, mungu wa kike wa kale. Waliolitunza jina hilo ni watu wa jembe!

Sasa China. Maandishi yao ya kale yaliyochongwa kwenye mifupa yana miaka 3,200 hivi. Ni machanga kuliko ya Misri. Lakini hayakukatika. Sura yake imebadilika, ila yanatumika mpaka leo. Kwa kuanza, Misri ni mkubwa. Kwa maandishi yasiyokatika, China imeshinda.

Tunajifunza nini? Kubadilika si kukatika. Kukatika ni pale mtoto asipopokea kitu. Na ujuzi ukishikwa na wachache, huzikwa nao. Wewe uliyehitimu kisomo una kalamu. Usiiache ikauke.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini maandishi ya kale ya Misri yalisahauliwa?
2. Ni ujuzi gani kijijini kwenu unajulikana na wazee wawili watatu tu? Fikirini mbegu, dawa na ufinyanzi.
3. Nani ataketi nao auandike, na lini?