Binti Hana Pepo, Mpelekeni Hospitali

SWALI: Daktari, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga. Tangu mwezi uliopita silali, chakula sikitamani, na nikishika kitabu machozi hunitoka. Bibi anasema nimepagawa. Kila jioni hunifunika blanketi juu ya chetezo, na mama hunipa piritoni ili nilale. Je, nina pepo kweli?

JIBU: Mwanangu, huna pepo. Yeyote apotewaye na usingizi, hamu ya kula na furaha kwa majuma mawili au zaidi, huenda ameshikwa na sonona, nayo ni maradhi yenye tiba kama malaria ilivyo na tiba. Habari za ubongo sitakuchosha nazo, kwani hazitakulaza usingizi usiku wa leo.

Itikadi hii ya pepo naifahamu mno, maana kila mtihani wa Novemba ukikaribia huletewa mabinti wenye macho mekundu kwa moshi, ambao wazee wao wamekwisha kuwazungusha kwa waganga hata wakadhoofu. Dhiki ya nafsi hutikisa mwili bila ya jini yeyote: mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio kisichozuilika hata shule ikafungwa, na matabibu waliochunguza hawakuona sumu wala kijidudu.

Ama hilo fukizo, nalikataza kabisa. Makaa yawakayo hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, ambayo chini ya blanketi yaweza kuua. Na ule ulegevu ambao Bibi, kwa mapenzi yake, hudhani ni pepo kutulia, huenda ni mwili unaokosa hewa. Piritoni nayo ni dawa ya mafua na mwasho, wala haiondoi huzuni, bali humwacha mwanafunzi akisinzia darasani. Dua na kisomo sivikatazi. Mwenye imani na aombe, lakini aombe akiwa njia moja kwenda hospitali.

Nanyi wazazi, mwezi mzima mlingoja nini? Mtoto angevunjika mkono mngelala naye nyumbani mwezi? Hospitali ya mkoa ya Bombo i karibu nanyi. Kwenda huko si kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, wala hakumtii mtu wazimu. Tabibu atamsikiliza, atampangia siku za mazungumzo, na dawa atampa ikihitajiwa tu. Muulizeni waziwazi kama amewaza kufa, kwani swali hilo halimpi mtoto wazo jipya, bali humpa ruhusa ya kusema. Na vidonge na sumu ya panya vifungieni.

Wewe, mwanangu, ukiona haya kwa wazazi, mwendee mwalimu wa ushauri nasaha au matroni, au piga 116, simu ya bure ya watoto. Ukifika kwa tabibu usiseme "kichwa kinauma" ukanyamaza, kama wafanyavyo wengi. Sema hulali, huli, unalia, na tangu lini. Na kama fikira ya kujidhuru imekujia, usingoje kupambazuke: mwamshe mtu mzima, mwende usiku huo huo. Mtihani uliokosekana mwaka huu hufanywa mwakani, kwa hiyo usiahirishe matibabu kwa ajili yake.