Kadi Mpya, Gemu Bado Linakwama-kwama?

Kijana mpendwa wa Mbinga, Mbamba Bay au Liuli, hela ya kahawa imenunua kadi ya grafiki, na gemu bado linakwama? Kabla hujamlaumu fundi au kuuza kadi kwa hasara, chunguza:

1. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi yenyewe, sio kwenye mazabodi.
2. Futa draiva zote za zamani, ndipo uweke mpya. Faili ni kubwa, hakikisha bando linatosha.
3. Mara ya kwanza gemu huandaa sheda (shaders) zake upya. Cheza kidogo kwanza.
4. Prosesa ikigonga asilimia 100 huku kadi imepumzika, tatizo ni prosesa.

Badilisha kimoja kimoja, ukipima kila mara. Haraka haraka haina baraka.