Beji ya Mionzi Kazini: Namba Zake Zina Maana Gani?



Wengi wetu hapa Uingereza tunafanya kazi hospitalini: uuguzi, usafi, kusukuma wagonjwa kwenda eksirei. Baadhi yetu hupewa beji ya kupimia mionzi, tukaivaa miaka bila kujua inasema nini. Leo tujifunze.

Vipimo ni vitatu:

1. Bekereli hupima nguvu ya chanzo chenyewe. Inahusu vitengo ambako mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi; hata mkojo wake huwa nayo, kwa hiyo vaa glavu. Mashine ya eksirei ni tofauti: ikizimwa, mionzi imekwisha. Haibaki ukutani wala kitandani.

2. Grei hupima nishati ya mionzi iliyoingia mwilini.

3. Siverti hupima uzito wa madhara yanayoweza kutokea. Ripoti ya beji huandikwa kwa milisiverti, yaani siverti moja igawanywe mara elfu.

Kwa kanuni za Uingereza za mwaka 2017, mfanyakazi mwenye miaka 18 na zaidi asizidi milisiverti 20 kwa mwaka. Mwananchi asiyefanya kazi hiyo asizidi 1, bila kuhesabu mionzi ya asili na ya matibabu yake. Picha moja ya kifua haifiki hata 0.1. Lakini 20 si ruhusa ya kuijaza. Mwajiri anatakiwa kuipunguza kadiri inavyowezekana.

Dada zangu, hapa nisikilizeni vizuri. Wapo wanaoficha ujauzito wakiogopa kupunguziwa zamu. Ukishamwarifu mwajiri kwa maandishi, lazima apange kazi yako ili mtoto tumboni asizidi milisiverti 1 kwa muda wote uliobaki. Ulinzi huo unaanza na barua yako, kwa hiyo usingoje tumbo lionekane. Na kukufukuza kwa sababu ya ujauzito ni kinyume cha sheria.

Mwisho, kumbuka:

- Beji haikingi mionzi, inahesabu tu. Kinga ni umbali, muda mfupi na aproni ya risasi.
- Ivae kifuani au kiunoni, ndani ya aproni.
- Usimwazime mwenzako, wala usiiache chumba cha eksirei.
- Omba kuona matokeo yako. Ni haki yako.

Kama huelewi, muulize msimamizi wa mionzi wa kitengo chako. Kuuliza si ujinga.

Tukijaliwa, tukutane tena. Afya njema!