KAHAWA NA VIDONGE VYA PUMU

Watumikaji wa kazi ya usiku, na ninyi mama munaowapikia kahawa, fundisho la leo ni lenu wote.

Mutumikaji mwenye pumu, ile wengi wanayoita asima, anaweza kupewa na munganga vidonge vya teofilini au aminofilini. Vinafungua njia za hewa, lakini pia vinaamsha mwili: moyo unapiga mbio na usingizi unapotea. Sasa jueni kwamba teofilini na kafeini, ile nguvu ya kahawa, ni ndugu wa jamaa moja. Mujerumani Kossel aliitoa teofilini katika majani ya chai mwaka 1888. Ini linavunja zote mbili kwa njia moja. Zikiingia pamoja, moja inachelewesha nyingine kutoka mwilini.

Basi mutu anayemeza kidonge jioni, kisha akanywa vikombe vinne vya kahawa ili asisinzie, ni kama ameongeza dawa juu ya ile aliyoandikiwa. Mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, tumbo linachafuka. Mikono ya namna hiyo kwenye usukani wa kamio la madini inatisha. Teofilini ikizidi sana inaweza kuleta hata degedege. Anayetapika bila kukoma, au ambaye moyo wake unaruka-ruka, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na pakiti ya dawa.

Je, aache kidonge? Hapana, hata siku moja! Pumu inaua. Kinachopunguzwa ni kahawa, na ipunguzwe polepole, kwa sababu aliyeizoea akiiacha gafula kichwa kitamuuma siku kadhaa. Na musihesabu kahawa peke yake. Chai ina kafeini, Coca-Cola vilevile, na makasu pia, ambayo wengine wanatafuna usiku kucha bila kuhesabu.

Tena, kahawa haitoki upesi. Kwa watu wengi, nusu ya kafeini ya kikombe cha saa kumi ya usiku ingali mwilini saa tatu ya asubuhi, wakati ambapo mutu anatafuta usingizi. Anaamka amechoka, na usiku unaofuata anaongeza kikombe.

Kuna mambo mawili ya kumwambia munganga. Siprofloksasini, dawa inayotolewa mara nyingi kwa homa ya matumbo, inazuia kafeini na teofilini kutoka. Ukiandikiwa, onyesha vidonge vyako vya pumu. Na ukiacha sigara (jambo zuri sana kwa mwenye pumu!), sema pia, maana moshi ulikuwa unaharakisha ini, na kipimo cha zamani kinaweza kuwa kikubwa mno.

Munganga akiuliza juu ya kahawa, wanaume wengi wanajibu: «Kidogo tu». Mama, wewe unayejaza termosi unajua hesabu ya kweli. Fuatana naye.