Waya wa Akiba Usioangusha Mtandao

Tuseme una ofisi, ghala na karakana kwenye mashamba ya mpunga ya Kilangali, Kilosa, na kila jengo lina swichi yake. Jembe likikata waya mmoja, jengo zima linakosa mtandao, kwa hiyo unavuta waya wa tatu na swichi zinakaa pembetatu. Bila STP (Spanning Tree Protocol), itifaki inayofunga njia ya ziada ili mtandao usijizungushe, huo wa tatu ni balaa: ujumbe uliotumwa kwa wote huzunguka bila kukoma, kwa sababu fremu za Etheneti hazina kikomo cha safari kama pakiti za IP. Taa zote zinapepesa kwa fujo, na hakuna kinachofunguka.

1. Kagua swichi. Nyingi za bei ya chini, zisizo na ukurasa wa mipangilio, hazina STP. Waya wa shaba mwisho mita 100. Zaidi ya hapo vuta faiba, ambayo pia haipitishi umeme wa radi.

2. Kabla ya kuchomeka waya wa tatu, washa RSTP, toleo la haraka la STP, kwenye kila swichi. STP ya awali, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, huweza kuchukua sekunde 30 hadi 50 kufungua njia mbadala.

3. Chagua mwenyewe mzizi, yaani swichi ambayo njia zote hupangwa kuielekea. Kwa kawaida swichi hutoka kiwandani na kipaumbele 32768. Zikilingana, yenye anwani ndogo ya MAC hushinda, na mara nyingi ni ile kuukuu kuliko zote. Ikiwa ndiyo ya karakana, njia ya ofisi na ghala hufungwa, na kila kitu cha ghalani kinazungukia karakana kwanza. Ofisini, penye rauta, weka 4096. Ghalani weka 8192, ishike nafasi ofisi ikizimika. Namba ndogo ndiyo yenye cheo.

4. Porti za kompyuta na printa ziweke kuwa za pembeni, kisha washa ulinzi wa BPDU, yaani jumbe ambazo swichi za STP hutumiana. Mtu akichomeka swichi yake yenye STP hapo, porti inajifunga.

5. Sasa chomeka waya wa tatu. Ncha moja ya waya wa ghala na karakana itaonyesha imezuiwa. Usiiguse, ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa ghalani, piga pingi kwenda kwenye rauta, kisha chomoa waya wa ofisi. Majibu yakikatika kidogo na kurudi, imekubali.

6. Hifadhi mipangilio kwenye kila swichi kabla hujaondoka. Isiyohifadhiwa, umeme ukikatika, huamka na 32768 yake.