Sindano ya Usingizi Hulinda Figo?

Wapo wanaouliza kama dawa ya usingizi humkinga mgonjwa wa upasuaji mkubwa figo zake zisiharibike.

Figo zetu mbili hupokea takriban moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Damu ikikatika, seli hukosa oksijeni. Ikirudi, huamsha kemikali zinazoziunguza upya, figo ikaumia mara ya pili. Kwa panya wa maabara, propofoli na deksimedetomidini zilipunguza madhara hayo. Lakini panya si baba yako! Kwa binadamu, hasa waliopasuliwa moyo, matokeo yamepingana, na dawa hizo hizo huweza kushusha presha, damu ya kufika figoni ikapungua. Basi asije mtu akameza vidonge vya usingizi nyumbani eti analinda figo.

Anayekwenda kupasuliwa amweleze mtaalamu wa usingizi kila alichokunywa, diklofenaki na mitishamba pia. Wengi huificha hiyo mitishamba, wakimwonea haya daktari. Nawe unayemuuguza, tazama mfuko wa mkojo: mtu mzima wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, mwite muuguzi, usingoje asubuhi.