Somo la 27: Chokaa Haiponyi Ukuta

Bisie ni kilima katika msitu wa Walikale, Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2002 watu walianza kuchimba huko kasiterite, mawe yatoayo bati. Watu hujijengea nyumba za miti na udongo. Katika msitu ule mvua ni nyingi. Ukuta wa udongo hulowa, kisha hukauka na kupasuka.

Mtu mvivu akiona ufa hupaka chokaa juu yake. Siku ya sikukuu nyumba ni nyeupe, wageni wanaisifu. Lakini ndani maji yanapita na mchwa wanakula miti. Usiku mmoja ukuta waweza kuwaangukia watoto waliolala.

Fundi mwema hufanya hivi:

1. Hutafuta maji yanatoka wapi. Kama paa linavuja, hulitengeneza kwanza.

2. Hugonga ukuta kwa kidole. Palipoachana na miti hulia kama ngoma.

3. Hubandua udongo wote uliolegea, hata shimo likizidi kuwa kubwa. Miti iliyoliwa huitoa, akafunga mingine.

4. Huchanganya udongo na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Udongo mtupu hunywea ukikauka. Mchanga hupunguza kunywea, nayo majani huushikanisha.

5. Hunyunyiza maji penye shimo. Ukuta mkavu hunyonya maji ya udongo mpya, na kiraka hakishiki.

6. Hujaza kidogo kidogo, akangoja pakauke kabisa. Ndipo hupaka chokaa, akilinda macho yake, maana chokaa huunguza.

Ukuta wa vigae nao ni vivyo hivyo. Rangi haiwezi kushika kigae kilicholegea. Sharti kibandikwe upya kwanza.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, aliwaonya watu waliopaka chokaa ukuta dhaifu: mvua itakuja, nao utaanguka. Watoto, kabla ya sikukuu sisi huvaa nguo safi. Je, na ufa wa moyoni? Tuutengeneze kwanza katika Kitubio.

Maulizo

1. Kwa nini udongo huchanganywa na mchanga?
2. Kwa nini fundi hulowesha shimo kabla ya kulijaza?
3. Leo jioni, gonga ukuta ulio karibu na kitanda chako. Umesikia nini? Mwambie baba au mama.